Rangi ya Chambo cha Kutengeneza Nyumbani

Mvuvi wa ndoano ana adui wawili. Adui wa kwanza ni siku isiyo na samaki. Adui wa pili ni siku isiyo na chambo. Siku isiyo na samaki hupita. Lakini siku isiyo na chambo huanza ikiwa imekwisha kuharibika, kwa sababu mvuvi hana cha kutupa majini.

Hapa Nyasubi tuko mbali na ziwa. Tuna malambo na mabwawa yanayojaa wakati wa masika. Baadhi yetu tuna ndugu wanaovua Ziwa Victoria, upande wa Geita na Mwanza. Wale wanaovua sangara kwa ndoano hutumia samaki wadogo walio hai kuwa chambo. Samaki hao hununuliwa, hufa njiani, na huisha upesi. Ndiyo maana watu huuliza: Je, siwezi kutengeneza chambo changu mwenyewe, kisichooza, nikakitumia leo na kesho?

Unaweza. Watu wengi hukata mpira, hufunga manyoya ya kuku, au huchambua nyuzi za mfuko wa salfeti, wakafunika ndoano. Kitu hicho huitwa chambo cha bandia. Hakiliwi, bali humdanganya samaki.

Swali linalofuata huwa hili: Nikitie rangi gani, na rangi hiyo niipate wapi? Hapo ndipo wengi hukosea. Wengine hupoteza fedha, na wengine hupoteza afya. Somo letu la leo ni juu ya jambo hilo.

SAMAKI GANI HUTAZAMA RANGI?

Kabla ya kununua rangi, jiulize kwanza: Nataka kumvua samaki gani? Samaki hawawindi kwa njia moja.

Sangara huwinda samaki wenzake, na macho humsaidia sana katika kazi hiyo. Akiwa mdogo hula uduvi na wadudu wa majini. Akikua hula furu, dagaa, na hata watoto wa sangara wenzake. Kwa samaki huyu chambo cha bandia kinafaa, na rangi yake ina maana.

Kambale ni tofauti. Macho yake ni madogo. Ana sharubu ndefu mdomoni, na kwa sharubu hizo hupapasa na kuonja. Hupenda kutembea usiku, katika maji ya matope. Kambale hutafuta chakula kwa harufu kuliko kwa macho. Ukimtilia chambo cha mpira chenye rangi nzuri, huenda akapita karibu asikiguse. Kwa kambale tumia nyungunyungu, utumbo wa kuku, au kipande cha samaki. Usipoteze fedha yako kununua rangi.

Sato na perege hula zaidi mimea midogo ya majini. Hao huvuliwa kwa nyungunyungu au kwa bonge dogo la ugali. Kwa hao pia rangi si jambo la kwanza.

Basi, shika hili: Rangi ni kwa samaki anayewinda kwa macho. Kama katika lambo la kwenu wamo kambale na perege tu, fedha ya rangi inunulie ndoano nzuri.

RANGI HUONEKANAJE NDANI YA MAJI?

Kitenge chekundu hakitoi mwanga wake chenyewe. Mwanga wa jua una rangi nyingi zilizochanganyika. Mwanga huo ukipiga kitenge chekundu, kitenge humeza rangi nyingine na kurudisha nyekundu. Nyekundu hiyo huingia machoni mwako, nawe husema, "Kitenge hiki ni chekundu."

Sasa, kama mwanga unaokipiga hauna nyekundu, kitenge hakina cha kurudisha. Kitaonekana cheusi.

Jaribu nyumbani. Usiku washa koroboi, kisha tazama nguo ya bluu iliyoiva. Utaona kama ni nyeusi. Kwa nini? Mwanga wa koroboi una manjano na nyekundu nyingi, lakini bluu ni kidogo sana. Nguo haikubadilika. Kilichobadilika ni mwanga.

Maji nayo hufanya hivyo. Humeza baadhi ya rangi za mwanga na kuacha nyingine zipite. Tazama aina tatu za maji.

Maji maangavu. Haya humeza nyekundu kwanza. Ukishuka mita kumi hivi, kitu chekundu huonekana cheusi au cha kijivu. Bluu hushuka mbali kuliko zote.

Maji ya kijani. Haya yana mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Ghuba nyingi za Ziwa Victoria zina maji ya namna hii. Bluu hupotea upesi. Kijani na manjano huonekana vizuri.

Maji ya matope. Haya ni kama maji ya malambo yetu baada ya mvua. Bluu na kijani hupotea karibu na uso wa maji. Mwanga unaobaki ni wa manjano iliyoiva na wekundu, kama ule wa koroboi. Hapo chambo cha bluu huonekana cheusi, na chambo cha rangi ya chungwa huonekana vizuri zaidi.

Jambo hili si hadithi ya wavuvi. Wataalamu wamelichunguza katika Ghuba ya Mwanza. Huko wako furu wawili walio ndugu. Dume la mmoja lina wekundu mgongoni. Dume la mwingine ni la bluu. Yule mwekundu amepewa na wataalamu jina la Mwalimu Nyerere, mwaka 1985. Majike ya furu hawa huchagua dume kwa rangi yake. Mwaka 1997 wataalamu walitangaza kwamba mahali maji yalipochafuka, majike hayawezi tena kutofautisha rangi vizuri, na aina za furu zinachanganyika na kupungua. Kumbe uchafu wa maji huweza kuvunja hata ndoa za samaki! Kama furu mwenyewe hushindwa kuona rangi katika maji machafu, chambo chako nacho hakitaonekana kwa rangi uliyoipenda dukani.

PIMA MAJI KWA SAHANI

Utajuaje maji yako ni ya aina gani? Iko njia rahisi. Mwaka 1865 padre mmoja wa Italia, jina lake Angelo Secchi, aliteremsha sahani nyeupe baharini ili kupima uangavu wa maji. Mpaka leo wataalamu wa maziwa hutumia njia yake. Nawe unaweza.

1. Chukua sahani nyeupe ya bati, au kifuniko cheupe. Kitoboe tundu tatu pembeni.

2. Funga kamba tatu fupi, uziunganishe na kamba moja ndefu. Ning'iniza jiwe chini yake ili izame.

3. Piga fundo kwenye kamba ndefu kila baada ya shubiri moja.

4. Mchana, jua likiwa juu, teremsha sahani polepole. Ikipotea machoni, hesabu mafundo.

5. Tazama pia rangi ya maji juu ya sahani kabla haijapotea. Ni kijani? Ni kahawia?

Kama sahani imepotea kabla ya shubiri mbili, maji ni machafu sana. Samaki hawezi kuona chambo mpaka awe karibu. Hapo tumia chambo kinene, cheusi kabisa au cha rangi ya chungwa, na ukitikise ili samaki asikie mtikisiko wake. Kama imepotea baada ya shubiri tano mpaka kumi, na maji ni ya kijani, tumia nyeupe, manjano, au kijani cha majani machanga. Kama imekwenda mbali zaidi, tumia rangi zinazofanana na samaki wadogo wenyewe: mgongo wa giza na tumbo jeupe.

Na wakati wa magharibi? Jua likizama, rangi zote hufifia. Samaki aliye chini hutazama juu, akaona kivuli cha chambo mbele ya anga. Kivuli kizuri kuliko vyote ni cheusi. Kwa hiyo mvuvi wa jioni hana haja ya kununua rangi. Mpira mweusi wa baiskeli unamtosha.

RANGI ZIKO AINA MBILI

Sasa tuje kwenye rangi zenyewe. Ukikumbuka jambo moja tu katika somo hili, likumbuke hili: Rangi ziko aina mbili. Iko rangi inayoyeyuka, na iko rangi ya unga usioyeyuka.

Rangi inayoyeyuka ni kama chumvi katika maji. Huingia ndani ya kitu na kukishika. Rangi ya nguo ni ya namna hii. Rangi ya chakula pia.

Rangi ya unga usioyeyuka ni kama udongo katika maji. Ukiuacha hutuama chini. Hauingii ndani ya kitu, bali hukaa juu yake, ukishikwa na gundi au mafuta. Masizi na udongo mwekundu ni wa namna hii. Rangi ya kupaka milango pia ni unga uliochanganywa na mafuta.

Kila aina ina mahali pake. Mwanakisomo mmoja alichemsha vipande vya tyubu katika rangi ya nguo muda mrefu. Alipovitoa vilikuwa vimependeza. Alipovisuuza, rangi yote ilikwenda na maji, vikabaki vyeusi kama zamani. Alidhani ameuziwa rangi mbovu. Rangi haikuwa mbovu. Mpira haunywi maji, basi utainywaje rangi iliyo ndani ya maji? Rangi ile ile angeitia kwenye manyoya, ingeshika.

Kwa hiyo usiulize tu, "Rangi hii ni nzuri?" Uliza, "Rangi hii ni ya kitu gani?"

RANGI ZINAZOFAA

Kitu chenye rangi yake. Hii ndiyo rangi ya kwanza kuitafuta, kwa sababu haina gharama. Tyubu ni nyeusi mpaka ndani. Kiwanda huchanganya mpira na masizi laini, na rangi hiyo haitoki kamwe. Salfeti ni nyeupe. Ukichambua nyuzi zake ukazifunga kwenye ndoano, hucheza majini kama mkia wa samaki. Puto lililopasuka huwa jekundu au la manjano. Manyoya ya jogoo yana rangi nyingi. Kata, funga, kazi imekwisha.

Masizi. Kwangua masizi ya sufuria. Yasage, uyachanganye na gundi isiyotolewa na maji, upake mti au kizibo. Masizi hayachujuki kwa jua wala kwa maji.

Udongo mwekundu. Wekundu wake ni kutu ya chuma iliyomo ndani yake. Uchekeche kwa kitambaa upate unga laini, kisha uchanganye na gundi kama masizi. Nao hauchujuki.

Bizari. Hutia manjano nzuri kwenye manyoya na uzi wa pamba. Lakini ina udhaifu wa namna mbili. Jua huifanya ipauke upesi. Tena ikikutana na maji ya majivu au sabuni hugeuka kuwa nyekundu-kahawia. Ukipenda manjano, usiifue kwa sabuni.

Rangi ya chakula. Hufaa kwenye manyoya, ikitiwa pamoja na siki. Hufaa pia kwenye bonge la ugali. Haifai kwenye mpira.

Rangi ya nguo. Hushika manyoya na uzi. Huuzwa katika pakiti ndogo. Soma maandishi ya pakiti kabla ya kuifungua. Hapo ndipo faida ya kusoma inapoonekana.

Rangi ya mafuta. Hufaa kwenye mti na bati. Kwenye mpira haifai, kwa sababu mpira hujikunja na rangi hupasuka na kubanduka. Nunua ile iliyoandikwa kwamba haina madini ya risasi. Risasi katika rangi ni sumu, hasa kwa watoto, nayo hudhuru akili zao.

RANGI NA MAMBO YA KUEPUKA

Ndugu msomaji, soma sehemu hii mara mbili.

Usiyeyushe plastiki nyumbani. Mwaka 1949 fundi mmoja wa Marekani, Nick Creme, alitengeneza nyungunyungu wa plastiki laini jikoni kwake. Tangu hapo vyambo vya namna hiyo vimeenea duniani, na watu husikia kwamba plastiki huyeyushwa, hutiwa rangi, humiminwa katika kalibu. Ni kweli. Lakini wao hutumia plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na hupima joto lake. Sisi tukiyeyusha ndala na mabomba ya zamani juu ya mkaa, hatujui plastiki hiyo ni ya aina gani. Plastiki ya mabomba ikiungua hutoa moshi mkali unaochoma macho, koo na mapafu. Tena uji wa plastiki ukikurukia mkononi hunata kwenye ngozi, na kuutoa ni kutoa ngozi. Wavuvi wamevua maelfu ya miaka bila plastiki ya kuyeyusha. Nasi tunaweza.

Usitumie unga mweusi wa betri. Watu wengi wamezoea kuvunja betri za tochi na kupaka unga wake ukutani. Unga huo si masizi. Una madini yanayodhuru yakivutwa puani au yakiingia mdomoni mara kwa mara. Masizi ya sufuria ni meusi vile vile, tena ni ya bure.

Usitumie zebaki. Hapa kwetu, toka Kahama mpaka Geita, wachimbaji wadogo wameitumia kukamatia dhahabu. Inang'aa kama magamba ya dagaa, na watoto hupenda kuichezea. Mtu anaweza kufikiri, "Hii ingependeza kwenye chambo." Asithubutu! Zebaki ni sumu, na moshi wake ni sumu zaidi. Ikiingia majini, vijidudu vya tope huigeuza kuwa sumu kali zaidi. Sumu hiyo huingia katika samaki wadogo. Samaki wakubwa wakila wadogo, hujikusanya kwao. Kisha sisi tukala wakubwa.

Jambo hili limekwisha kutokea. Huko Japani, katika mji wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki baharini kwa miaka mingi. Watu walikula samaki wa hapo. Wengi walishikwa na kutetemeka, wakashindwa kutembea na kusema, na watoto walizaliwa wakiwa na ulemavu. Ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka 1956. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana mkataba wa kupunguza zebaki, nao ukapewa jina la mji huo. Basi usitie zebaki kwenye chambo. Na usioshee karai la dhahabu katika lambo mnalovua na kunywesha ng'ombe.

Ukitaka kitu kinachong'aa, kata kopo la bati kwa umbo la jani, ulisugue kwa mchanga. Litang'aa. Wazee walisema, vyote ving'aavyo si dhahabu. Nasi tuongeze: vingine ni sumu.

NAMNA YA KUTIA MANYOYA RANGI

Vifaa: manyoya meupe ya kuku, sabuni, rangi ya chakula au ya nguo, siki, kopo la zamani, na kijiti.

1. Osha manyoya kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Yana mafuta, na rangi haishiki penye mafuta. Yasuuze vizuri.

2. Pasha maji katika kopo, kama vikombe viwili. Maji yawe ya moto, lakini yasitokote. Yakitokota manyoya huharibika.

3. Tia rangi, kijiko kidogo kimoja. Koroga mpaka iyeyuke.

4. Tia siki, vijiko vikubwa viwili. Siki ndiyo inayofanya rangi ishikamane na unyoya.

5. Tumbukiza manyoya yakiwa bado mabichi. Yaache nusu saa, ukigeuza kwa kijiti.

6. Yatoe, uyasuuze mpaka maji yatoke safi. Yaanike kivulini.

Fanya kazi hii nje ya nyumba, upepo ukivuma toka nyuma yako. Usitumie sufuria ya kupikia. Kopo ulilotilia rangi ya nguo liwe la rangi daima, ulitie alama, na uliweke mbali na watoto. Maji yanayobaki usiyamwage kisimani wala lamboni. Chimba shimo mbali na maji, umwage humo.

JARIBU KABLA YA KUVUA

Usiende majini kabla ya kufanya majaribio manne.

Jaribio la maji. Weka chambo katika glasi ya maji usiku kucha. Asubuhi tazama. Maji yakiwa na rangi, chambo kinachuja.

Jaribio la kusugua. Sugua chambo kwa kitambaa cheupe mara ishirini. Kitambaa kikichafuka, rangi haikushika.

Jaribio la jua. Funika nusu ya chambo kwa karatasi ngumu. Kiache juani wiki moja. Kisha funua ulinganishe nusu mbili.

Jaribio la kukunja. Kunja chambo na kukivuta mara kumi. Rangi ikipasuka, si ya kitu hicho.

Rangi iliyoshinda majaribio manne, hiyo ndiyo rangi yako.

ANDIKA KATIKA DAFTARI

Wavuvi wengi husema, "Nyekundu ina bahati," au "Nyeupe haina bahati." Ukiwauliza wamejuaje, hukumbuka siku moja tu waliyopata samaki mkubwa. Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Una chombo ambacho wazee wetu wengi hawakuwa nacho. Kitumie.

Tengeneza vyambo viwili vyenye ukubwa mmoja na umbo moja. Kimoja kiwe cheusi, kingine cheupe. Vitumie siku ile ile, mahali pale pale. Kila baada ya saa moja badilisha, ili kila kimoja kipate zamu ya asubuhi na zamu ya mchana. Chora mistari daftarini, uandike: tarehe, mafundo ya sahani, rangi ya maji, rangi ya chambo, na idadi ya samaki.

Usiamue upesi. Tuseme siku ya kwanza cheusi kimepata samaki 3 na cheupe samaki 2. Tofauti ya samaki mmoja haisemi kitu. Endelea siku kumi. Tuseme sasa cheusi kina 24 na cheupe kina 9. Hapo unaweza kusema, "Katika maji haya, msimu huu, cheusi ni bora." Mvua zikianza, maji yakibadilika, anza kuhesabu upya.

Utaona pengine kwamba rangi si jambo kubwa kama ulivyodhani. Mwendo wa chambo, ukali wa ndoano, na saa ya kuvua vina nguvu zaidi. Chambo chenye rangi nzuri kisichotikisika ni kama ua la karatasi. Humpendeza mwenye duka, hakimpendezi nyuki.

Mwisho, kumbuka sheria. Kuvua kwa sumu na kwa baruti kumekatazwa. Kabla ya kuvua katika lambo, uliza uongozi wa kijiji au mtaa. Ukienda ziwani, muulize ofisa uvuvi juu ya leseni na ukubwa wa samaki wanaoruhusiwa.

Rangi nzuri ni ile inayoonekana katika maji yako, inayoshika kwenye kitu chako, na isiyomdhuru anayeitengeneza wala anayemla samaki. Ikikosa moja katika hayo matatu, iache dukani.

MASWALI

1. Kwa nini chambo cha rangi hakimfai sana kambale?

2. Nguo ya bluu huonekanaje kwa mwanga wa koroboi? Kwa nini?

3. Rangi ya nguo na masizi vinatofautianaje?

4. Mwanakisomo aliyechemsha tyubu katika rangi alikosea nini?

5. Eleza jinsi zebaki inavyotoka majini mpaka kufika katika mwili wa mtu.

6. Mvuvi amepata samaki 4 kwa chambo cheupe na samaki 3 kwa chambo cheusi. Je, aseme cheupe ni bora? Toa sababu.

KAZI YA KIKUNDI

Tengenezeni sahani ya kupimia maji. Nendeni kwenye lambo lililo karibu, pamoja na mtu anayejua kuogelea. Pimeni maji mara moja kila wiki kwa mwezi mmoja, muandike mafundo. Kisha jadilini: Maji yamebadilika vipi, na nini kimeyabadili?